Waya kwenye mshipi wa Odhiambo

Alhamisi, Agosti 2008. Kitengela.

Baridi leo ni ile ya Agosti, inayoingia kwenye mikono ya sweta na kukaa humo. Asubuhi kulikuwa na wingu zito, mchana jua lilichungulia likarudi, na sasa jioni vumbi la barabara ya Namanga linapita mlangoni mwa saiba hii ya kompyuta za kukodisha. Nimeketi kwenye ile mashine ya pembeni ambayo herufi moja hukwama mpaka uigonge. Begi langu la kazi liko katikati ya miguu yangu. Ndani ya begi kuna waya.

Nina wivu.

Nimeliandika mapema hilo neno ili nisije nikalizunguka ukurasa mzima nikijifanya nimechoka tu, au nimekasirishwa na kazi. Sijachoka na kazi haijanikasirisha. Ni wivu mtupu, na unaniwasha tangu mwaka jana, na leo nimeuchochea kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa wanaopita kwenye shajara hii ya mtandaoni na hawajui kazi yangu, mimi ni msaidizi wa kamera. Mpiga picha anaangalia picha. Mimi nilikuwa yule anayehakikisha picha iko wazi. Mtu akisogea mbele unazungusha pete ya lenzi kidogo, akirudi nyuma unairudisha. Ukichelewa, uso wake unakuwa ukungu na siku ya watu wengi imeharibika. Sisi tunaita kushika fokasi. Nilianza kumshikia Odhiambo, mpiga picha wangu, fokasi miaka ya tisini, wakati tulipokuwa tukizunguka Kajiado yote na gari bovu, tukipiga picha za ukame, za makanisa mapya, za harusi za wenye uwezo.

Siku zile ulishika lenzi yenyewe kwa vidole. Kwa hivyo ulisimama ubavuni mwa mpiga picha, ukijua alikula nini asubuhi. Na Odhiambo alipotembea kinyumenyume, kamera ikiwa begani, mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye lenzi na mwingine ulikuwa nyuma yake, umeshika mshipi wa suruali. Yeye haoni anakokwenda. Mimi ndiye niliyemwonea. Nikivuta mshipi mara moja kwa nguvu, asimame. Nikivuta mara mbili harakaharaka, kuna shimo au jiwe, ainue mguu. Hatukuwahi kukaa chini tukapanga hayo. Yalikuja yenyewe, tukiwa kazini, na baada ya muda nadhani hata yeye hakujua kwamba anaongozwa.

Halafu ikaja rimoti.

Ni kitu cha kubebwa mkononi, kina kitufe kikubwa cha kuzungusha. Mota ndogo inafungwa kwenye lenzi, na rimoti inaiamuru kwa redio, bila waya. Mwenye rimoti anaweza kukaa mbali kabisa, kwenye kiti, chini ya mwavuli, akiangalia televisheni ndogo, na lenzi inazunguka yenyewe kule kwa mpiga picha. Kampuni inayotupa kazi iliinunua mwaka jana. Nilidhani nitapewa mimi. Kwenye mwili wa rimoti niliona tundu la kuchomekea waya, endapo redio itasumbua, lakini waya wenyewe haukuja nayo. Nikaenda kwa fundi wa redio hapa Kitengela, tukahangaika naye mpaka akanitengenezea. Nilitaka niwe tayari.

Rimoti akapewa Halima.

Halima ni binti wa hapa hapa. Baba yake ananunua na kuuza mifugo, mama yake ana duka la nguo upande wa soko. Alisomea mambo ya filamu Nairobi, na waliouza rimoti ndio waliomfundisha kuitumia. Anavaa hijabu yake na gambuti, haongei sana, na hakosei. Ningependa kuandika kwamba anaringa. Haringi hata kidogo. Ananiita bro Leshan, na akimimina chai ya kwake ananimiminia na mimi, na kila mara ninapoipokea hiyo chai moyo unaniuma zaidi.

Mimi nikabaki na masanduku ya lenzi, betri, na kile kibao cha kugonga mwanzoni mwa picha. Na mshipi. Mshipi haukuchukuliwa na mtu. Halima akiwa kwenye kiti chake kule mbali, Odhiambo alipotembea kinyumenyume bado mkono wangu ndio uliokuwa nyuma yake. Hicho ndicho kilichonifanya nisiache hii kazi.

Lakini macho yangu hayatulii. Nikiona Odhiambo anamgeukia Halima kumuuliza, "Unaonaje?", nakumbuka kwamba hilo swali lilikuwa langu. Nikiwaona wameinamia televisheni pamoja wakicheka, naenda kupanga betri ambazo tayari nimezipanga. Juzi mke wangu aliniambia ninamtaja Halima kuliko ninavyowataja watoto. Nilikuwa nikimtaja wakati huo huo.

Sasa kuna hii habari ya filamu. Si tangazo, si harusi. Filamu ndefu, ya kwanza kwa Odhiambo, itakayopigwa mwezi ujao upande wa Magadi, kuanzia Kona Baridi kuteremka mpaka Oltepesi. Tumeiongelea filamu ya namna hii miaka yote, mimi na yeye, tukila nyama choma kwenye vibanda vya njiani. Aliyetoa pesa amemruhusu msaidizi mmoja wa kamera. Mmoja tu. Wiki iliyopita Odhiambo alituambia, mimi na Halima tukiwa tumesimama pamoja, kwamba ataamua baada ya kazi ya leo.

Kwa hiyo leo haikuwa siku ya kawaida.

Kazi yenyewe ilikuwa tangazo la dawa ya kuogeshea ng'ombe, kule Kisaju, kwenye josho la zamani lililokarabatiwa. Mwenye ng'ombe ni mama mzee tuliyekuwa tunamwita Koko, bibi yetu sote kwa siku moja. Tulipofika niliinamisha kichwa akanigusa, kama inavyotakiwa. Halima akaja nyuma yangu. Koko akamwambia, "Takwenya," na Halima bila kusita akajibu, "Iko," na akainamisha kichwa na yeye, hijabu na yote. Koko akafurahi sana. Akaniuliza kwa Kimaasai huyu msichana ni wa nani. Nikasema ni wa mfanyabiashara wa mifugo wa Kitengela, na Koko akasema basi huyo anajua ng'ombe kuliko nyinyi wote.

Hata salamu. Nilimwonea wivu hata wa salamu ya lugha yangu.

Picha aliyoitaka mwelekezi, yule anayeongoza tangazo, ilikuwa hivi. Ng'ombe wanatoka kwenye dawa wakiwa wamelowa, wanapita kwenye njia nyembamba iliyozungushiwa magogo pande zote mbili, na Koko anatembea mbele yao na fimbo yake, anatabasamu. Odhiambo anatangulia mbele ya Koko, anatembea kinyumenyume, kamera inamtazama mama usoni mwanzo hadi mwisho. Mimi niko ubavuni mwake, bega la kushoto, mkono nyuma yake umeshika mshipi. Halima yuko nje ya magogo, kwenye kiti, na rimoti.

Tukaanza kujaribu, na rimoti ikakataa.

Siyo kwamba ilizima. Ilikuwa inashikwa na wazimu. Halima anazungusha kitufe na lenzi haiendi, halafu inaruka ghafla ipitilize, halafu inatetemeka. Karibu na josho wamesimamisha mlingoti wa simu, busta kama tunavyoiita, mpya kabisa, na Halima ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua macho akauangalia. Akabadilisha masafa ya redio yote aliyokuwa nayo. Tukazima simu zetu. Tukapeleka mbali zile redio za kuongelea. Ikatulia kidogo, tukashangilia, ikarudia tena wakati Koko yuko katikati ya njia.

Koko alivumilia. Halafu akaacha kuvumilia. Akasema ng'ombe hawajakunywa maji tangu asubuhi, na kama sisi tuna shida na mashine yetu, ng'ombe hawana shida nayo. Atawaruhusu waende mtoni, na wakienda hawarudi leo. Mwelekezi, bwana mmoja wa Nairobi mwenye viatu vyeupe, akaanza kutembea akienda na kurudi.

Hapo ndipo nilipofungua begi langu.

"Tuunge na waya," nikasema. "Redio tuiache kabisa. Rimoti iunganishwe na lenzi moja kwa moja."

Odhiambo akauliza, "Uko na waya ya hiyo kitu?"

"Niko nayo."

Akaniangalia vile alivyokuwa akiniangalia zamani, na kwa muda huo mfupi nilisahau kila kitu. Halima naye akasema, "Bro Leshan, umetuokoa," na alikuwa anamaanisha.

Lakini sikuwa naokoa mtu. Shajara hii hainidai uungwana, kwa hiyo nitasema. Nilikuwa nimepiga hesabu.

Waya ni mfupi. Mwenye rimoti hawezi tena kukaa kwenye kiti, ni lazima aingie kwenye njia na atembee bega kwa bega na Odhiambo. Na njia ile inatosha watu wawili tu. Wa tatu angebanwa na magogo au angeingia kwenye picha. Kwa hiyo mtu wa rimoti na mtu wa mshipi wangekuwa mtu mmoja. Na nilijua kitu kimoja kuhusu Halima, ambacho sote tulikijua na tulikiheshimu. Halima hamshiki mwanamume asiye wa kwao. Hata salamu anatoa kwa mkono kifuani. Mshipi wa Odhiambo hawezi kuugusa.

Ungebaki mkono mmoja tu wa kufanya kazi zote mbili. Wangu.

Nilijiambia simkosei. Dini yake ni yake, waya ni wangu, na mlingoti umewekwa na watu wa simu. Niliunganisha kila kitu upesi sana. Nilichomeka upande wa mota, nikachomeka upande wa rimoti, nikazima redio. Mota ikajipima, ikazungusha lenzi mpaka mwisho wa huku na mwisho wa kule, ikatulia. Halima akazungusha kitufe na lenzi ikamfuata papo hapo, bila kuchelewa wala kutetemeka. Mwelekezi akapiga makofi.

Kikabaki kitu kimoja cha kufanya. Waya wa namna hiyo ukivutwa kwa bahati mbaya unachomoka, au unavunja tundu la kamera. Lazima uufunge mahali, ili mvuto uishie hapo usifike kwenye kamera. Nikachukua uzi, nikaufunga waya kwenye mshipi wa Odhiambo, nyuma kidogo ya kiuno, kwa lile fundo tunalofungia ndama pembeni ya mama yake wakati wa kukama. Halilegei, na ukitaka kulifungua unavuta ncha moja tu. Nilijivunia hilo fundo. Nililivuta kulijaribu na Odhiambo akarudi nyuma hatua, akacheka.

Halafu akasema kile nilichokuwa nakisubiri.

"Sasa, Halima, hapa hakuna nafasi ya Lesh. Utanishika mshipi?"

Halima akatikisa kichwa polepole. "Mzee, kushika sitaweza. Unajua."

"Najua."

Akanigeukia. Nilikuwa tayari nimenyoosha mkono kupokea rimoti. Nakumbuka vizuri mkono wangu ukiwa hewani, umefunguka.

Halima hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia kiuno cha Odhiambo, pale nilipofunga. Akasema, "Lakini waya imefungwa kwa mshipi. Nikivuta waya, si utaskia?"

Odhiambo akasema hebu avute. Akavuta mara moja. Odhiambo akasimama wima. Akavuta mara mbili, harakaharaka. Odhiambo akainua mguu, hapo alipokuwa, mahali pasipokuwa na shimo wala jiwe, akauinua kama alivyouinua miaka yote.

Wote wakacheka. Nikarudisha mkono wangu mfukoni.

Ng'ombe wakaletwa. Mimi nikaambiwa nisimame nje ya magogo, niwe tayari kwa lolote. Sikuwa na kibao, kwa sababu mwelekezi alitaka tuanze tu kabla Koko hajabadili nia. Sikuwa na betri ya kushika. Nilishika gogo.

Wakaanza. Odhiambo anarudi nyuma, kamera begani. Koko anakuja, na tabasamu lake sasa lilikuwa la kweli kwa sababu anajua baada ya hapa ni mtoni. Nyuma yake ng'ombe wamelowa, wanatoa mvuke kwenye baridi. Na Halima yuko pale mahali pangu. Si mahali palipofanana na pangu. Ni pale pale, bega la kushoto la Odhiambo, hatua kwa hatua naye, macho mara kwa Koko mara chini, kidole cha mwisho kimezungushiwa waya na vidole vingine viko kwenye kitufe. Waya ulikuwa umelegea kidogo kati yao. Palipokuwa na mfereji wa maji ya dawa, ule uliojaa matope, nilimwona anavuta mara mbili. Odhiambo akaruka mfereji bila kuangalia. Dume moja jeupe likasukuma wenzake likataka kumpita Koko, na Halima akavuta mara moja, Odhiambo akasimama, Halima akalisemesha lile dume kwa sauti ya chini kama wanavyosema wauzaji pale mnadani, likarudi nyuma ya mama. Kisha wakaendelea. Na wakati huo wote uso wa Koko haukupotea hata mara moja. Ulikuwa wazi, kila kunjo lake.

Mimi nilikuwa natembea nje ya magogo sambamba nao, mkono wangu wa kushoto umekunjwa hewani kama mjinga, unashika mshipi usiokuwepo.

Ilikuwa picha nzuri kuliko yoyote tuliyopiga mwaka huu. Nasema hivyo na mdomo unanichacha.

Mwelekezi alitaka kumkumbatia kila mtu. Koko hakungoja pongezi, alikwenda na ng'ombe zake. Odhiambo aliteremsha kamera, akajishika kiuno, akanitafuta kwa macho akacheka. "Lesh, huyu ananivuta kama wewe. Kama wewe kabisa. Nilifikiri ni wewe."

Ulitaka nijibu nini, Odhiambo?

Nilienda kufungua fundo. Nilivuta ncha moja na waya ukaanguka mkononi mwangu, na ulikuwa bado na joto la mkono wa Halima, na nikaukunja vibaya, mimi ambaye hupigia watu kelele wakikunja waya vibaya.

Tulikula chakula nyuma ya gari kwa sababu ya upepo. Halima akanijia na chupa yake ya chai. Akanimiminia. Akaketi kwenye sanduku la lenzi, akasema kuvuta vile alijifunza kwangu. Nikasema sikumbuki kumfundisha kitu.

"Hukunifundisha," akasema. "Nilikuwa nakuangalia tu. Kila mara Mzee akitembea nyuma, mimi kwa screen naona uso wa mtu, lakini ile kitu nilikuwa naangalia sana ni mkono yako. Nikasema, siku moja nitafanya hiyo, sijui nitafanya aje."

Mtu mwingine angefurahi. Ni kweli, kuna kitu kidogo ndani yangu kilifurahi, kikakaa wima. Lakini kikubwa kilichobaki kilisema, hata hiyo. Hata hiyo ameichukua, na ameichukua kwa macho tu, akiwa ameketi kwenye kiti. Nikanywa chai yake. Nikamwambia sukari imezidi. Haikuwa imezidi.

Odhiambo akaja na sahani yake. Alikuwa anakula polepole, anafikiri. Akasema picha imetoka vizuri, hana malalamiko, ila kulikuwa na mahali katikati ya njia alipohisi kama yuko peke yake. Miguu ilitaka kusita. Hakujua ni kwa nini, kwa sababu Halima hakukosea popote. "Kuna kitu kilikosekana," akasema. "Siwezi kukwambia ni nini."

Halima akaniangalia. Mimi nikaangalia chai.

Najua ni nini.

Nilisema tulikuwa na ishara mbili. Zilikuwa tatu. Mara moja, simama. Mara mbili, inua mguu. Na ya tatu si kuvuta. Kati ya ishara hizo mkono wangu haukutoka kwenye mshipi. Ulikuwa umelala pale, vidole viwili vikikandamiza kidogo tu, wakati wote, njia iko sawa na mimi niko hapa. Hilo huwezi kuliona ukiwa kwenye kiti. Huwezi kuliona hata ukisimama karibu. Leo waya ulikuwa umelegea kati yao, na kila ulipolegea Odhiambo aliachwa peke yake gizani mpaka mvuto unaofuata. Halima angeushika waya umekazika kidogo tu, basi angekuwa na kila kitu.

Sikusema. Nilimaliza chai.

Na Odhiambo akaamua. Hakuzunguka. Alisema Magadi anamchukua Halima, na kwamba kule mteremkoni kuna milingoti juu ya vilima na redio itawasumbua tena, kwa hiyo atafanya kazi kwa waya. Akaniambia mimi ni ndugu yake na hilo halitabadilika. Akaweka mkono begani mwangu. Ni mtu mzuri, Odhiambo. Nilitaka kuuondoa huo mkono, nikauacha, kisha akauondoa mwenyewe.

Tukiwa tunapakia vitu kwenye gari, Halima akanijia tena. Safari hii alikuwa anaona haya. Akaniomba nimwazime waya. Wa kununua utachelewa kufika, akasema, na huu ameuzoea. Watapakia vifaa kesho.

Nikasema, "Tutaongea."

Hapa kwetu ukisema tutaongea, mtu anaelewa ni hapana iliyovaa koti. Alielewa. Alisema sawa bro, akaenda kusaidia kufunga masanduku ambayo yalikuwa kazi yangu.

Nimerudi Kitengela na wale wengine. Pale nilipoteremka nilijitungia uongo wote. Kwamba waya umekatika ndani. Kwamba nimeuahidi kwa mtu mwingine. Kwamba mtoto ameuchezea. Wa mtoto ulikuwa mzuri zaidi, na nilikuwa nimeshaanza kumchagua ni mtoto yupi. Kisha nikampitia fundi wa redio, pale jirani na saiba hii, ili angalau auangalie, ili nikisema umeharibika niwe na mahali pa kusimamia.

Akaufungua upande wa kamera. Kweli, uzi mmoja wa shaba ulikuwa umeanza kuachia. Ungeshikilia siku kadhaa, halafu ungekatika huko huko mteremkoni, mbele ya watu, picha ikiwa inapigwa. Fundi akaniuliza auache hivyo au auchome upya kwa lehemu.

Sitaandika kwamba nilijibu mara moja.

Nilisimama pale nikiangalia uzi ule wa shaba, mwembamba sana. Sikuhitaji kufanya kitu. Ningeufunga tu, nikaupeleka, nikasema safari njema. Nikawaona, Odhiambo akiwa kinyumenyume kwenye mawe ya Kona Baridi na upepo ule usiokoma, na lenzi imekufa, na Halima anavuta waya uliokatika. Nilimwona Odhiambo akigeuka kunitafuta kwa macho. Hapo ndipo palipokuwa patamu. Kisha nikamwona mguu wake, ule wa kulia, wenye goti bovu, unatafuta pa kukanyaga na haupati.

Nikamwambia fundi auchome. Achome pande zote mbili. Usidhani ni wema, shajara. Nusu yake ni kwamba wangesema waya wa Leshan uliharibika.

Sasa niko hapa. Waya uko begini, mzima kuliko siku ulipotengenezwa, nimeukunja vizuri. Kwenye ncha moja nimeacha ule uzi, na fundo nimelifunga upya lakini bila kulikaza, ili aone linavyozunguka. Nimeamua kesho asubuhi nitaupeleka dukani kwa mama yake. Waya nimekubali kuutoa. Fundo nimekubali.

Ile ishara ya tatu bado.

Nimejiuliza hapa tangu nilipoketi, na jibu linabadilika kila nikiandika mstari mwingine. Lenzi wameichukua. Kiti, swali, filamu, na leo hata mshipi. Hivyo vidole viwili ndivyo kitu pekee duniani ambacho Odhiambo alikikosa leo, na alikikosa bila kujua ni changu. Nikimwambia Halima, ataelewa upesi, maana yeye huelewa upesi. Atakaza waya kidogo tu na Odhiambo hatahisi tena kwamba kuna kitu kimekosekana. Hatanikosa tena. Na nikinyamaza, kule mteremkoni atatembea kinyumenyume na goti lake, akisita.

Mwenye saiba ameanza kuzima mashine za mstari wa nyuma. Nje baridi imeongezeka.

Kesho nitauweka waya juu ya kaunta ya mama yake Halima, kati ya vitambaa. Nitamwonyesha fundo. Nitasema safari njema, msalimie Odhiambo. Halafu nitageuka niondoke, na nikifika mlangoni, natumaini mdomo wangu utanisaliti.